Maktaba Pepe na Kalamu ya Kijana: Kutoka Usomaji hadi Utunzi katika Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu maktaba pepe hujikita katika hesabu: vitabu vingapi vimepakiwa, vishikwambi vingapi vimegawiwa, shule ngapi zimeunganishwa na intaneti. Hesabu hizo zina nafasi yake, hasa pale ambapo mfadhili anasubiri ripoti. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, lipo swali lenye uzito zaidi. Je, kijana wa miaka kumi na mitano anayeingia katika maktaba hiyo hutoka humo akiwa msomaji tu, au anaweza pia kuacha humo kitu alichokitunga mwenyewe? Makala haya yanadai kwamba maktaba pepe isiyompa kijana nafasi ya kuandika ni ghala la maneno ya watu wengine, na kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuziba pengo hilo kuliko taasisi nyingi zinazopewa jukumu hilo.

Dai hili linajadiliwa kwa kurejelea miji miwili ya magharibi mwa Kenya. Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 990,341. Bungoma ni makao makuu ya kaunti yenye jina hilohilo, iliyokuwa na watu 1,670,570. Mlima Elgon unaitazama miji yote miwili. Katika Bungoma, Lubukusu ndiyo lugha ya kwanza ya wakazi wengi, ingawa Kisabaoti husikika mlimani na Kiteso kuelekea mpakani. Trans Nzoia, kwa kuwa ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, ilikusanya watu wa kila upande: Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi, Wapokoti, Waturkana, Wagikuyu na wengineo. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili katika Kitale ni lugha ya soko, ya stendi ya matatu na ya uwanja wa shule kabla ya kuwa somo la mtihani. Kijana wa huko hakikuti Kiswahili kitabuni kwa mara ya kwanza. Jambo asilolikuta ni kitabu chenye Kiswahili chake.

Istilahi na tatizo la upepe

Yafaa kuanza na jina lenyewe. Maktaba ni neno lililotoka katika Kiarabu, na ni ndugu wa kitabu, katibu na mkataba. Yote hayo yanatokana na mzizi mmoja wenye maana ya kuandika. Kwa hiyo, tangu asili, maktaba inahusiana na tendo la kuandika na wala si kusoma peke yake. Ni mazoea ya shule za kikoloni, pamoja na mabango ya kuwataka watu wanyamaze, yaliyoifanya maktaba ionekane kuwa chumba cha kupokea tu.

Neno pepe lina utata wa kupendeza. Watumiaji wengi hulihusisha na upepo, kama katika barua pepe: kitu kisafiricho hewani bila kubebwa mkononi. Lakini mkulima wa mpunga analijua pepe jingine. Pepe ni punje isiyo na kiini, ganda tupu ambalo mpepetaji huliachia upepo. Wanaopendelea istilahi kama maktaba ya kidijitali au maktaba mtandao huenda wanakwepa maana hiyo bila kujua. Makala haya yanaendelea kutumia maktaba pepe kwa makusudi, kwa kuwa maana ya pili inakumbusha hatari iliyopo: mkusanyiko unaweza kusafiri hewani vizuri kabisa na bado usiwe na kiini.

Vilevile, ni muhimu kutofautisha mkusanyiko na programu. Mkusanyiko ni faili zilizopangwa. Programu ya maktaba ni shughuli zenye ratiba na watu: kikao cha kusomeana hadithi, warsha ya ushairi, usimulizi unaorekodiwa, jarida la vijana linalohaririwa na kutolewa kila muhula. Mkusanyiko unaweza kununuliwa kwa siku moja. Programu haiwezi.

Mwandishi aliyetoka kati ya miji hii miwili

Hakuna haja ya kubuni mfano wa kijana wa eneo hili aliyegeuka kuwa mwandishi, kwani yupo anayejulikana na kila msomaji wa jarida la aina hii. Marehemu Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, upande wa Cherangany. Riwaya yake Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, inamtoa mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, Tanga na kumleta hadi Kitale akimtafuta baba yake.

Wahakiki wamekwisha kuandika mengi kuhusu safari hiyo kama usakaji wa utambulisho. Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni la kijiografia. Kwa muda mrefu riwaya ya Kiswahili ilikuwa na nyumba yake pwani na visiwani, na msomaji wa bara aliiingia kama mgeni aliyepiga hodi. Siku Njema iliigeuza barabara. Pwani ndiyo iliyosafiri kwenda bara, na mwanafunzi wa Kitale akauona mji wake ukitajwa katika Kiswahili sanifu, ndani ya jalada, na mtu aliyekulia hapohapo. Ni vigumu kukadiria nguvu ya jambo hilo kwa kijana. Kujiona kitabuni ni hatua ya kwanza ya kuamini kwamba mtu wa kwako anaweza kuandika kitabu.

Walibora alifariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020 na kuzikwa Trans Nzoia. Shule zote za Kenya zilikuwa zimefungwa mwezi uliotangulia kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Hivyo, kizazi kilichozisoma kazi zake kilimwombolezea kikiwa nyumbani, mbali na walimu na mbali na rafu za vitabu. Wengi waliandika maombolezo yao katika simu za wazazi. Mashairi hayo yalisambazwa katika vikundi vya WhatsApp na, bila shaka, mengi yamekwisha kufutika pamoja na simu zenyewe. Hapakuwa na mahali pa kuyahifadhi. Maktaba pepe yenye mlango wa kuingizia kazi za vijana ingekuwa na diwani nzima leo.

Mtandao unaokuja na kuondoka

Kipindi hicho cha kufungwa kwa shule kilifichua mengine. Masomo yalipelekwa kwa redio, kwa runinga na kwa tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa huduma ya intaneti kwa kutumia baluni zipatazo 35 zilizoelea juu sana angani, zikihudumia takriban kilomita za mraba 50,000 za magharibi na kati ya Kenya. Januari 2021 Loon ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake. Ikiwa kuna mfano wa upepe katika maana zake zote mbili, ni huo.

Funzo lake ni la kiufundi na ni rahisi. Programu ya vijana katika Kitale au Kimilili haifai kujengwa juu ya intaneti ya kudumu. Zipo njia zilizokwisha kujaribiwa. Kiwix huwezesha Wikipedia nzima kusomwa bila mtandao. Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa vitabu na masomo, yote yakikaa katika kompyuta moja ndogo ambayo simu na vishikwambi vilivyo karibu huiunganikia. Mtandao ukipatikana, hata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi, kazi mpya hupakiwa na nyingine kupakuliwa. Maktaba za umma nchini zina uzoefu wa kuwafuata wasomaji walipo: Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa. Kompyuta ndogo ndani ya mkoba wa bodaboda haina ugeni wowote mbele ya historia hiyo.

Kizuizi kikubwa zaidi kwa vijana si mnara wa simu bali kanuni za shule. Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na zina sababu zake. Kwa hiyo kijana huyo ana intaneti wakati wa likizo na hana wakati wa muhula, ilhali mwalimu wa Kiswahili anaye wakati wa muhula na hanaye wakati wa likizo. Programu yoyote isiyouzingatia mpishano huo hufa mwezi wa kwanza. Isitoshe, Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali wa serikali, ulioanza mwaka 2016, ulipeleka vishikwambi katika shule za msingi ukiwalenga wanafunzi wa darasa la kwanza. Vijana waliokuwa sekondari wakati huo hawakuwemo.

Programu zilizopo na mafunzo yake

Baadhi ya miradi imekwisha kupita au ingalipo. Katikati ya miaka ya 2010, shirika la Worldreader likishirikiana na Huduma ya Maktaba ya Taifa lilipeleka visomaji vya kielektroniki katika maktaba kadhaa za magharibi mwa Kenya. Kwa usomaji, hilo lilikuwa jambo jema. Kisomaji cha kielektroniki, hata hivyo, ni chombo cha mkondo mmoja. Kurasa huingia, hazitoki.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inatoa funzo la namna nyingine. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, na mamia ya makala yalipatikana kwa muda mfupi. Zawadi zilipokwisha, kazi kubwa ya kuyasahihisha na kuyaendeleza ilibaki kwa wachangiaji wachache wa kujitolea. Shindano huvuta umati; kikundi cha kudumu hulea mwandishi. Waandalizi wa mashindano ya insha shuleni wangefaa kulifikiria jambo hilo kabla ya kununua vikombe.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja ya makala haya ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake ni fupi, zina picha, na zimetolewa chini ya leseni huria inayomruhusu mtu yeyote kuzisoma, kuzinakili, kuzitafsiri na kuzibadilisha, mradi amtaje mtunzi. Lugha zake zimezidi 200, Kiswahili na Lubukusu zikiwemo. Ingawa hadithi hizo zimekusudiwa watoto wadogo, nafasi ya kijana ipo wazi, kwa kuwa tovuti hiyo ina zana za kutungia na kutafsiria. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeona haya kusoma kitabu cha mtoto hana sababu ya kuona haya kukiandika.

Tafsiri hasa ni mlango mzuri wa kuanzia. Kijana anayetafsiri kutoka Lubukusu hadi Kiswahili hulazimika kuyaona mambo ya sarufi ambayo darasani hukaririwa tu. Kitabu na vitabu katika Lubukusu ni sitabu na bitabu. Hapo ngeli ya KI-VI inamtazama usoni katika vazi la nyumbani. Mti na miti ni kumusala na kimisala, na papo hapo swali linazuka: kwa nini Lubukusu ina kiambishi kirefu pale ambapo Kiswahili kimebaki na m- na mi-? Mwalimu aliyeshindwa kueleza upatanisho wa kisarufi kwa jedwali huenda akafaulu kwa hadithi ya kurasa kumi na mbili. Jarida la mtandaoni la Jalada lilionyesha mwaka 2016 jinsi tafsiri inavyoweza kuwa sherehe, lilipotoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika lugha zaidi ya 30. Hakuna kinachozuia klabu ya shule ya Kitale kufanya vivyo hivyo kwa lugha tano zilizomo katika bweni moja, Kiswahili kikiwa daraja.

Insha yenye msomaji mmoja

Yamkini msomaji atauliza kama vijana hawaandiki tayari. Wanaandika, tena sana. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili huwataka watahiniwa waandike insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika arubaini na tano, kila moja ikiwa na alama 20. Kabla ya kufika hapo, mtahiniwa amekwisha kuandika makumi ya insha za mazoezi. Zote zina msomaji mmoja, naye anasoma akiwa na kalamu nyekundu.

Mazoea hayo yamezaa aina yake ya lugha. Jua la insha haliachi kuchomoza kwa mbwembwe. Kila mama ni mpole mithili ya fulani na kila dereva mlevi huishia mtaroni. Si kwamba vijana hawana ubunifu. Wamejifunza kwamba tamathali iliyokwisha kupata alama jana ni salama kuliko ile ambayo haijajaribiwa. Kijana akijua kwamba hadithi yake itasomwa na wenzake wa Webuye, Chwele na Endebess, wasio na alama za kumpa, atalazimika kuwa na jambo la kuwaambia.

Na mambo ya kusema hayakosekani. Chukua Webuye peke yake. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza uzalishaji katika miaka ya 1970 na kikasimama mwaka 2009, kabla ya kuuzwa mwaka 2016. Vijana wengi wa mji huo wamelelewa na masimulizi ya kiwanda hicho: nyumba za wafanyakazi, harufu ya moshi, baba aliyerudi na barua. Mji uliotengeneza karatasi ya taifa hauna riwaya ya Kiswahili inayojulikana sana kuhusu karatasi hiyo. Kitale, nayo, ina jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyiko wa wadudu, wanyama na vitabu wa afisa mmoja Mwingereza, Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926. Jumba la umma likafunguliwa mwaka 1974. Mkusanyiko huo ungeweza kuzaa hadithi za kila aina, za kihistoria na hata za kutisha.

Mtaala unaotekelezwa sasa umefungua mlango kiasi. Shule ya sekondari ya chini ilianza mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10, ambapo sanaa ni mojawapo ya mikondo mitatu. Tathmini ya umilisi inaruhusu mwanafunzi kukusanya kazi zake. Swali ni mahali zitakapokusanywa, na kama kabati la mwalimu ndilo mwisho wa safari yake.

Fasihi simulizi, sheria na heshima

Jambo moja linahitaji tahadhari. Programu nyingi za aina hii hupenda kuwatuma vijana wakarekodi wazee, na katika Bungoma kishawishi ni kikubwa kwa sababu hazina ni kubwa. Wabukusu wana khuswala kumuse, hotuba ya kimila itolewayo baada ya mazishi ya mzee wa hadhi, ambayo haisemwi na mtu yeyote wala mahali popote. Kijana anayeirekodi kwa simu na kuipakia bila idhini amechukua kitu kisicho chake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayozitambua jamii kuwa wenye mali hiyo. Leseni huria, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kutolewa na mtu asiyemiliki kinachotolewa. Vitendawili, methali na ngano za jioni ni rahisi zaidi kuzishughulikia, lakini hata hapo jina la msimulizi na ruhusa yake viandikwe kwanza.

Kijana mwenyewe pia analindwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Kazi ya mtunzi wa miaka kumi na sita inaweza kutolewa kwa jina la kwanza na mji tu, bila picha wala jina la shule, na ubora wake usipungue.

Nafasi ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili

Programu hizi zina upungufu mmoja unaojitokeza kila mahali: wahariri. Mashine ipo, hadithi zinaweza kupatikana, lakini mtu wa kukaa na kijana na kumwambia kwamba sentensi yake ya tatu ni nzuri na ya nne haihitajiki ni adimu. Mwalimu mwenye madarasa manne ya wanafunzi hamsini hana saa hizo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili anazo, na zaidi ya hayo anazihitaji, kwa kuwa anafundishwa uhariri na tafsiri kwa nadharia bila mswada wa kufanyia mazoezi. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, na ndugu zake wa Kakamega na Eldoret hawako mbali.

Wahariri hao watakabiliwa mapema na suala la Sheng. Kijana wa Kitale hatamwandikia kondakta wa matatu Kiswahili cha habari za saa moja, na hafai kulazimishwa. Mazungumzo ya wahusika yaachwe yaseme yanavyosemwa, usimulizi ukidumisha usanifu. Na pale mtunzi anapotaka kuvunja mpaka huo, atoe sababu. Uhariri unaofuta kila neno la mtaani utarudisha insha ya kalamu nyekundu kwa mlango wa nyuma.

Suala gumu zaidi ni la urithi. Viongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika kila mwaka, na pamoja nao hupotea nywila, anwani na malipo ya tovuti. Tovuti ya chama iliyokufa kwa sababu katibu wake alihitimu si jambo geni vyuoni. Kwa hiyo kazi za vijana zisikae mahali pamoja: nakala moja iwe katika kompyuta ya shule, nyingine katika hazina ya chuo, ya tatu kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, ambayo ndiyo pia hutoa nambari za ISBN nchini. Mkusanyiko wa hadithi ishirini za vijana wa Kitale na Bungoma, uliohaririwa na kuwekwa katika faili moja, unastahili nambari hiyo kama kitabu kingine chochote, na ombi lake linaweza kuandikwa na katibu wa chama kabla muhula haujakwisha.